Tulipoifuata Timu ya Lukozi Ugenini

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kunialika, alinipa na kichwa cha maneno: elimu na utumishi wa umma. Nilimjibu kwamba nusu ya watu watakaokuwa ukumbini ni watumishi wa umma kama mimi, na hakuna hata mmoja aliyetoka Dodoma au Dar es Salaam akapanda milima hii ili aje asikilize habari za mafaili. Nikaomba nizungumze juu ya mpira wa miguu. Alikubali, kwa sharti la dakika ishirini.

Mpira wenyewe si ule wa shule. Timu ya shule ilikuwa na mambo yake ya UMISSETA, na habari zake zimekwisha kuandikwa katika gazeti hili zaidi ya mara moja, tena na watu waliocheza. Mimi sikupata kuchezea timu yoyote. Miguu yangu mnaiona. Nataka kusema juu ya timu ya pale chini sokoni Lukozi, timu ya wakulima na madalali wa mboga, ambayo sisi tuliokuwa hapa kati ya 1996 na 1999 tuliifuata ugenini kwa miguu na kwa malori, mara nyingi kwa ruhusa na mara nyingine bila ruhusa. Hapo kwenye kukosa ruhusa ndipo penye jambo lililonileta mbele yenu, ila nitalifikia kwa utaratibu wake.

Mimi ni mtoto wa Lukozi, na mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la mboga. Wale mlioletwa hapa kutoka mbali huenda hamkujua kwamba lori la mboga ndilo lililokuwa gazeti letu. Lilishuka usiku na kabichi, karoti na viazi, likapita Magamba na Lushoto, likateremka kona za Soni mpaka Mombo, na kutoka hapo likashika njia ya Tanga au ya Dar es Salaam. Liliporudi lilileta chumvi, sabuni na matokeo ya mpira. Mwaka 1988 Coastal Union ilipotwaa ubingwa wa ligi nilikuwa na umri wa miaka saba, na ninachokumbuka ni honi. Dereva aliipiga tangu mbali hadi alipoingia sokoni, akina mama wakatoka nje mikono kichwani wakidhani amelala mtu. Mjomba aliruka chini akifungua na kufunga kinywa bila kusikika. Sauti alikuwa ameiacha Mkwakwani.

Tena Novemba 1993, Simba ilipofika fainali ya Kombe la CAF na kutoka bila kufungana na Stella kule Abidjan, dereva yuleyule aliichelewesha safari ya Kariakoo kwa siku mbili ili mzigo na mechi ya marudiano viangukie pamoja. Kabichi huvumilia, nyanya zingemfilisi. Simba ikafungwa 2–0 nyumbani. Mjomba alisimulia kwamba wakati wa kurudi hakuna aliyefungua kinywa mpaka Mombo, isipokuwa mshabiki mmoja wa Yanga aliyelala juu ya matenga matupu, ambaye walimshusha Korogwe kwa kosa la kucheka usingizini. Hili la mwisho sina ushahidi nalo.

Basi malezi yangu ndiyo hayo. Nilipoingia kidato cha kwanza hapa, nilikuwa tayari mtu wa timu.

Ndugu Mwenyekiti, vijana wa leo hupangiana mechi kwa simu, na kwa dakika tano kila kitu kimekwisha. Siku zetu mechi ya ugenini ilianza na barua. Kapteni wa Lukozi, aliyekuwa fundi cherehani, hakupenda kuandika. Aliposikia kwamba nina mwandiko mzuri akanifanya mwandishi wa timu, na malipo yangu yakawa nafasi ya bure ndani ya lori. Barua ilipaswa kutaja tarehe, saa ya kuanza, refa atatoka upande gani, na kinachowaniwa, ambacho aghalabu kilikuwa mbuzi. Nilianza kila mara na "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Kapteni alisema barua yangu ikifika mahali, wenyeji huogopa kabla hawajatuona. Tuliikabidhi kwa dereva au kwa mwanamke aendaye soko la jirani, na baada ya wiki majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo, pengine yakiwa yamefungiwa dagaa.

Kila uwanja ulikuwa na tabia yake. Mlalo tulikwenda kwa miguu, tukiteremka kwa njia za mashambani, na kabla ya kufika tuliuona mji wote chini yetu, na kanisa, na zile nyumba za udongo za ghorofa zenye roshani za mbao. Kuteremka kulikuwa raha. Taabu ilikuwa kupanda jioni baada ya kufungwa, na Mlalo walitufunga mara nyingi.

Shume kulikuwa na misonobari na ukungu. Nakumbuka mechi moja ya mwezi wa saba ambayo ukungu ulishuka katika kipindi cha pili, na sisi tuliosimama nyuma ya goli letu hatukuliona goli la pili. Tukasikia kelele huko mbali. Golikipa wetu akatuuliza, "Jamani, tumefunga au wao wamekosa?" Tukamtuma mtoto akaulize. Aliporudi kusema kwamba tumefunga, tayari mpira ulikuwa umekwisha kuanza upya na Shume walikuwa wamesawazisha, golikipa akiwa bado anamsikiliza mtoto.

Mtae ndiyo ilikuwa safari kubwa. Walio hapa na waliowahi kufika wanajua: mji umekaa mgongoni mwa mlima, pande zote mbili panaanguka, na siku isiyo na mawingu unaona tambarare ya Mkomazi chini kabisa na nchi ya Kenya ng'ambo yake. Kucheza mpira mahali kama hapo kuna kanuni zake. Mpira ukitoka upande wa bonde, mechi husimama, na wenyeji wana vijana wao maalumu waliojipanga chini ngazi kwa ngazi kuudaka. Mgeni akiwa anaongoza, vijana hao huwa hodari sana. Mgeni akiwa nyuma, huota ulemavu.

Sasa nifike kwenye mechi yenyewe. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa pili, 1998. Mnakumbuka mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 1997. Barabara zetu zilikatika, na mazao yalioza kando ya njia kwa kukosa gari la kuyashusha. Lukozi tulikuwa hatujacheza ugenini tangu Oktoba. Mtae wakajibu barua yetu kwamba wako tayari, na mbuzi yupo. Lakini winga wetu wa kushoto alikuwa ameteguka kifundo, na aliyebaki wa kuziba nafasi yake alikuwa mwanafunzi wa shule hii, kidato cha tatu, aliyelala kitanda cha pili kutoka changu.

Sitamtaja jina. Wenzangu wa mwaka ule mmekwisha kumjua.

Kibali cha kutoka Jumamosi hadi jioni tungeweza kupata. Kwa Mtae, katika barabara ile, jioni isingetosha, na kulala nje kulihitaji barua ya mzazi. Kapteni akaniangalia. Mwenzangu naye akaniangalia. Nikachukua kalamu.

Niliandika barua mbili. Ya kwangu ilisema bibi yangu amefariki, na kwa hakika alikuwa amefariki, ila ilikuwa mwaka 1985. Ya mwenzangu niliiandika kwa jina la baba yake: kwamba yeye mzazi ameshikwa na maradhi, hawezi kuinuka kitandani, na anaomba mwanawe aje amwone. Ya kwangu nilisimamisha herufi, ya kwake nikazilaza kulia, ili zisifanane. Nilijisikia fundi. Mwalimu wa zamu alizisoma, akatupa pole, akatia sahihi.

Tuliondoka saa moja asubuhi. Wapenzi tulikuwa kama arobaini juu ya lori, kila mmoja amechanga shilingi mia mbili za mafuta, isipokuwa sisi wawili. Tukapita Manolo, tukashuka kusukuma, tukapita Rangwi, tukashuka tena. Tulifika Mtae saa saba na tope mpaka magotini. Mwenzangu alicheza vizuri kuliko nilivyopata kumwona. Alikuwa mwembamba, na katika uwanja ulioteleza watu wazito wakianguka yeye alibaki amesimama. Tulifungwa dakika za mwanzo. Katika kipindi cha pili alimpita beki wao upande uleule wa bonde, ambako wengine waliogopa kukimbia, akapiga krosi na kapteni akasawazisha kwa kichwa. Mechi ikaisha 1–1. Wenyeji wakaamua kwamba mbuzi abaki kwao mpaka marudiano. Marudiano hayakuchezwa kamwe, na kwa hesabu zangu mbuzi yule bado tunamdai.

Mvua ilianza tukiwa njiani kurudi. Mbele kidogo ya Rangwi lori likazama mpaka ekseli, na dereva akasema, "Bwana mdogo, hapa ni mpaka kesho." Mama mmoja mtu mzima wa nyumba iliyokuwa juu ya barabara alituita. Hakutuuliza ni wa timu gani. Alisema tu, "Wajukuu zangu, mtakufa na baridi," akachochea moto, akatupa viazi vya kuchemsha na chai ya rangi, tukalala kumi na wawili katika chumba kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule. Mwenzangu alinong'ona gizani akiirudia krosi yake hatua kwa hatua mpaka mtu akamwambia anyamaze. Nathubutu kusema sijapata kulala mahali pazuri kuliko pale, na serikali imenilaza katika hoteli kadhaa.

Tulirudi shuleni Jumapili mchana. Mwalimu wa zamu alikuwa anamngoja mwenzangu langoni.

Ndugu Mwenyekiti, Jumamosi ileile, saa nne asubuhi, baba yake alikuwa amefika shuleni. Alikuja kwa miguu, mzima kabisa, mkononi ana nusu ya ada, ambayo aliipata kwa viazi vichache alivyofanikiwa kuviuza katika mvua zile. Aliomba kumwona mwanawe. Akaambiwa mwanawe ameitwa nyumbani kwa sababu yeye baba ni mgonjwa. Mzee hakuelewa. Ikabidi asomewe barua, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua kusoma. Akasomewa mbele ya watu ofisini kwamba hawezi kuinuka kitandani, na mwisho wa barua likasomwa jina lake.

Jumatatu mstarini mwenzangu aliulizwa nani ameiandika. Nilikuwa mstari wa tatu. Kila mtu aliyejua mwandiko wake alijua kwamba si yeye. Akaulizwa mara ya pili. Alitazama mbele, akasema, "Mimi." Alichapwa viboko, akasimamishwa masomo kwa wiki tatu. Kanuni zilikuwa hivyo, na aliyezitumia hakukosea. Ningekuwa yeye ningefanya vilevile. Barua yangu ya msiba ilibaki katika faili, na hakuna aliyekuja kuikanusha.

Wiki tatu zikaisha, hakurudi. Nilidhani shule imemfukuza. Baadaye nikasikia kwamba ni baba yake aliyekataa. Mzee alisema: nimeuza viazi ili mwanangu ajue kuandika, na alipojua kuandika akaniandikia ugonjwa. Ninyi mliozaliwa milima hii mnajua neno la namna hiyo lina uzito gani kwa mzee wa enzi zile. Kwake haikuwa hila ya mtoto ya kwenda kwenye mpira. Ilikuwa mwana kumwombea baba yake kitanda.

Ningeweza kwenda. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka hapa. Ningesema: Shikamoo mzee, mwandiko ule ni wangu, mwanao hakuandika hata nukta. Nilipanga kwenda Jumamosi moja, nikaahirisha kwa ajili ya majaribio. Nikapanga nyingine, mvua ikanyesha. Mwaka ule ule Yanga iliingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika, ikakutana na Raja ya Casablanca na ASEC ya Abidjan, nasi tukajikusanya kwenye redio bwenini. Redio yenyewe ilikuwa ya mwenzangu, hakuja kuichukua. Nikafanya mtihani wa kidato cha nne 1999, nikaenda kidato cha tano, nikaenda Mlimani, nikaajiriwa. Kazi yangu kwa muda wa miaka ishirini imekuwa ni kuandika barua za watu wengine ili watie sahihi.

Nilikutana naye 2009, alfajiri, soko la Kariakoo. Nilikuwa nimefuata mboga za harusi ya ndugu. Nikaona lori la kutoka Lushoto, na mtu amesimama juu ya kabichi anahesabu viroba. Aliniona kwanza yeye.

"Mgosi," alisema, "bado unaandika barua?"

Tulikunywa chai kibandani. Alikuwa na lori lake mwenyewe, na watoto watatu. Nilimwuliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba miaka kumi na moja: kwa nini hakunitaja. Alicheka, akasema, "Ningekutaja tungeondoka wote wawili. Nani angeiandikia timu?" Nikamwuliza habari za mzee. Akasema alifariki 2004. Nikamwuliza kama alipata kumwambia ukweli. Akakoroga chai kwa muda, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuyeyuka. "Kila nikitaka kumwambia naona kama namsingizia mtu asiyekuwepo. Hakunisamehe, lakini alikula kwangu mpaka mwisho. Tuyaache hayo." Akarudi kwenye viroba vyake.

Nimeyaacha kwa muda mrefu, kama alivyotaka. Kilichoniamsha ni daftari la chama chetu. Mwaka jana katibu alituletea orodha ya wanafunzi wa zamani, mwaka kwa mwaka. Niliufungua ukurasa wa mwaka wetu, nikatafuta jina lake kwa kidole mara mbili. Halimo. Katiba yetu inasema mwanachama ni yule aliyehitimu kidato cha nne katika shule hii. Kwa maneno hayo mimi ni mwanafunzi wa zamani, na yeye ni muuza mboga aliyepita.

Labda niwaambie pia kwamba kabichi na karoti mlizokula mchana huu zimeshuka kutoka lori lake. Mhazini alizinunua pale sokoni, akapunguziwa bei karibu nusu, akatueleza kwa furaha kwamba amempata mfanyabiashara mmoja mwungwana. Hakujua ni nani. Nilimpigia simu mfanyabiashara huyo juzi nikamwomba aje akae nasi. Alisema ana mzigo wa Tanga, na kwamba hana haki ya kuingia mkutanoni. Nikamwomba ruhusa ya kusema haya niliyoyasema. Alikaa kimya, nikasikia injini tu. Kisha akasema niseme, ila nisitaje jina, na nisisahau ile krosi.

Ndugu Mwenyekiti, naona katibu ananionyesha saa. Ninaomba mkutano huu ubadili neno moja katika kifungu cha uanachama: pale palipoandikwa "aliyehitimu" paandikwe "aliyesoma". Kuna wengine kama yeye, walioondoka kwa ada, kwa maradhi, kwa msiba wa kweli. Kila mmoja wenu anamkumbuka wa darasani kwake. Ombi hilo nimeliandika kama utaratibu unavyotaka, pamoja na jina la mtu wa kwanza wa kuingizwa katika daftari, na maelezo kamili ya barua ile ya 1998 imeandikwa na nani. Nimeikabidhi kwa katibu asubuhi. Herufi zake zimesimama, na sahihi iliyo chini ni yangu mwenyewe.